Safu ya Tisa

Daftari la kwanza lilinuka samaki wa Kasenga.
Karani, nadhani, alikuwa akila juu ya mishahara ya watu,
na sisemi kula kule kwingine.
Bado sisemi.

Nimeajiriwa miezi mitatu, chumba cha nyuma, Lubumbashi,
dirisha linatazama bomba refu lililosahau moshi
na ule mlima mweusi wa masalio ya shaba.
Kazi yangu kunakili madaftari ya malipo
kabla mchwa hawajamaliza kuyakagua.
Safu nane: namba, jina, kijiji, chifu,
siku alizochimba, posho, makato, alichopewa.
Kisha kidole gumba. Kurasa kwa kurasa za vidole gumba
vya zambarau, kama maua ya mjakaranda
yaliyokanyagwa asubuhi ya mvua ya kwanza.

Mwandiko ni wa Anselmi Kabwita. Namjua sasa
kuliko ninavyomjua mume wa dada yangu.
Saba yake imefunga mkanda kiunoni.
Sufuri zake hazifungi, zinaacha mlango wazi kidogo.
Jumatatu wino umejaa; Jumamosi mkono umechoka
na majina ya watu yanalala chali.

Na pembeni ya majina, kwa penseli, msalaba,
mdogo kama chawa.
Mwepu Nsompo, namba 4417: msalaba.
Nikasema pole baba, mgodi umekumeza.
Mwezi uliofuata Mwepu anatia kidole, mzima,
kaandikiwa makato ya franka tatu, taa aliyoivunja,
na msalaba upo palepale.
Wafu hawavunji taa.

Nikahesabu. Nikahesabu tena, kalamu mdomoni.
Kila penye msalaba, makato yameandikwa
lakini mtu amepewa zake zote:
tatu inapotelea njiani, kati ya safu ya saba na ya nane,
na chini ya ukurasa jumla imekaa wima,
imenyooka kama mtoto aliyeiba sukari.

Jumatano nikaenda Kamalondo.
Binti yake wa mwisho anaitwa Feza.
Karani angemwitaje mwingine?
Mlango wake unazuiwa na kipande cha shaba,
mikono minne iliyolingana, uzito wa kilo ya bunga.
"Huo ndio," akasema. "Babu yake baba aliumimina mwenyewe.
Noti zetu za zaire zilijaa sanduku;
tukaamka siku moja, zimekuwa karatasi ya kuwashia makaa.
Huu umebaki. Baba alisema
hii ndiyo pesa isiyojua kusoma,
kwa hiyo haijajifunza uongo."
Akaupindua kwa mguu.
Chini yake, alama ya kidole:
mtu aliyepima mchanga wa kalibu
kabla shaba haijashuka.

Nikauliza: aliwarudishia, au aligawana nao?
Mama Feza akasonga bukari muda mrefu sana.
"Tulikuwa na baiskeli," akasema. "Majirani hawakuwa nayo."
Akasonga tena.
"Na siku ya kumzika walikuja watu ambao hata padri hakuwajua,
wa Ruashi, wa Kipushi, kwa miguu,
wanaume wazima, wanalia na kofia mkononi.
Fanya hesabu wewe. Karani si wewe?"

Mkubwa wangu anataka safu nane.
Nikamwonyesha misalaba, akasema uchafu wa penseli,
ruka, tuna madaftari mia mbili na mvua inakuja.

Usiku huu nimeongeza ya tisa. Sikuipa jina.
Mbele ya 4417 nimebonyeza alama ya kujumlisha,
maana kwenye vitufe vyote hivi
ndiyo iliyobeba mikono minne sawa.

Mashine imesimama. Inaniuliza:
kujumlisha na nini?